Agustino na Miguu ya Watu

Kwetu mlimani, juu ya Mkuyuni, kila jioni baada ya kula tulikaa kwenye gogo mbele ya nyumba tukatolewa funza. Hao funza walikuwa wageni. Wazee walisema walipokuwa watoto hawakuwajua kabisa. Lakini mwaka ule Wadachi walipofikisha reli Morogoro, hakukuwa na nyumba isiyo na funza. Hata mbwa wetu alichechemea.

Tulikuwa watu tisa, na mwiba wetu ulikuwa mmoja tu, mwiba wa mlimao. Ukishatumika, ulichomekwa kwenye nyasi za paa. Watoto walitangulia. Kisha mimi Paskalia, kisha kaka yangu Agustino, kisha mama. Wa mwisho alikuwa mjomba Kasiani, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Lakini alitupenda, basi alikataa kutolewa funza kabla yetu.

Aliyetutoa funza sote ni Agustino. Alikuwa na miaka ishirini na mikono migumu ya mkulima, lakini akishika kidole chako huumii. Siku moja alirudi kutoka sokoni amejaa furaha. Alikuwa amekutana na Bwana Salum, mtu wa hospitali ya mjini, anayekuja Mkuyuni siku za soko kutibu miguu ya wapagazi. Bwana Salum alimwambia hospitali inatafuta vijana wa kujifunza kazi hiyo, mwaka mmoja na nusu. Agustino alitaka kwenda.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia wenzake wanakwenda mjini kuwa makarani, yeye anakwenda kunusa miguu. Mjomba hakucheka.

"Nimekupeleka shule ya misheni miaka minne ili uwe karani," alisema. "Sitaki mpwa wangu apige magoti mbele ya wapagazi."

Nani ambishie mjomba? Agustino alichukua jembe akaenda shambani. Mwezi mzima hakuimba, na yeye alikuwa mtu wa kuimba. Niliona huruma, nikajuta kumcheka.

Kisha mguu wa kulia wa mjomba ukavimba. Vidole vikatoa usaha. Homa ikampanda, akashindwa kusimama. Siku ya soko tulimbeba kwa machela mpaka Mkuyuni.

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Salum, akapiga magoti. Aliuosha mguu kwa maji ya moto na sabuni. Akauliza nani anatoa funza nyumbani, na kwa kitu gani. Agustino alieleza yote, mwiba na zamu zetu. Akasema pia kwamba mjomba huwa wa mwisho.

Bwana Salum alitikisa kichwa. "Basi, mzee, uchafu wa miguu ya watu wanane ulikuja kuishia kwako. Mwiba mmoja unabeba uchafu wa kila kidonda. Kila mtu awe na sindano yake, na ichemshwe kwanza."

"Kumbe tulikosea kuwatoa?" aliuliza Agustino.

"Kuwatoa ni sawa. Ila usipasue kile kifuko cheupe cha funza. Zungusha sindano taratibu, kitoke kizima. Osha tena kwa sabuni, paka dawa, funga kitambaa safi. Na funza wanaishi vumbini. Nyunyiza maji sakafuni, fagia kila siku, mbuzi walale nje."

Akachemsha sindano, akampa Agustino. Agustino alitoa funza kumi na mmoja kwenye mguu wa kushoto wa mjomba. Hakupasua hata mmoja.

Bwana Salum alimgeukia mjomba. "Mzee, mkono kama huu hatuupati kila siku. Mguu mmoja una mifupa ishirini na sita. Makarani wangapi wanaijua?"

Baada ya wiki tatu mjomba alipona, akatembea mwenyewe mpaka shambani kwa Agustino. Nilikuwa napalilia karibu, nikasikia.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Niliogopa watu watakudharau. Kumbe wanakuhitaji."

Agustino aliimba njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mafunzo hayakuwa lelemama. Miezi mitatu ya kwanza alifua vitambaa na kuchemsha vyombo tu. Baadaye alifundishwa mifupa, kisha kutibu vidonda. Alifundishwa pia kumfumba mtu macho na kumgusa nyayo kwa unyoya. Asiyesikia unyoya apelekwe kwa daktari haraka, maana huenda ni ukoma, na mguu usiosikia huumia bila mwenyewe kujua.

Alirudi na sanduku la dawa. Siku za Jumamosi watu walikuja kutoka milima ya ng'ambo, kila mmoja na sindano yake. Watoto wetu wakaanza kukimbia tena. Pasaka iliyofuata tulicheza ngoma mpaka tukachoka, na mjomba alicheza kutushinda.

Lakini watu walizidi, na Agustino alikuwa peke yake. Jumamosi moja mjomba alinikuta nimekaa, natazama ule msururu.

"Paskalia, mikono yako ina kazi gani?" aliuliza. "Nawa kwa sabuni, umsaidie kaka yako. Mwakani unakwenda kujifunza na wewe."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii. Moyo ulinidunda kwa furaha.

Mwaka uliofuata niliteremka mjini. Mjomba alikataa nisindikizwe na mtu mwingine. Alitembea na mimi, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka mlangoni pa hospitali.