Saa ya Kuazima

"Mapigo mia moja thelathini na mbili," alisema Dakta Harmen. "Umekaa kwenye kiti, Bi Rogathe. Nani anakukimbiza?"

Rogathe Sulle aliutazama mlango.

Mikono yake ilifungwa mbele kwa kamba ya plastiki. Kontena halikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa mmoja, na Zubery, mlinzi wa Dakta, alikuwa ameupiga komeo kwa nje. Mezani palikuwa na tableti, simu ya upepo na bastola aina ya Glock 19.

Alinaswa.

Kwa miezi mitano alijifanya msaidizi wa utafiti katika kambi hii ya wakimbiaji, Bashay. Utafiti wenyewe ulikuwa na jina tamu: msongo wa mawazo na ustawi wa wanariadha wa kiwango cha juu. Kila mtu kambini alivaa saa isiyo na kioo, iliyotuma mapigo ya moyo kwenye tableti. Kila mkimbiaji alitema mate kwenye kichupa akimaliza mazoezi. Kila mmoja aliulizwa kinachomnyima usingizi, naye akasema, maana daktari ni daktari.

Dakta alirekodi yote. Akakubaliana kuyauza kwa genge la kamari.

Genge lilitaka kujua kila mkimbiaji anavunjwa na nini. Doris Qamara alivunjwa na mngurumo. Mama yake alifukiwa na tope lililoteremka kutoka Mlima Hanang, na Doris alikiri kwamba akisikia mlio kama ule, miguu hufa. Wiki mbili baadaye, kwenye mbio kubwa, genge lingeupiga mlio huo kwa spika kilomita ya thelathini na tano. Kumfanyia binadamu hivyo ni unyama, tusizungushe maneno.

Flashi yenye rekodi za wakimbiaji Rogathe aliiiba asubuhi. Alikamatwa kabla hajafika getini. Mnunuzi wa genge alikuwa mjini Katesh, anaisubiri.

"Flashi iko humu kambini?" Dakta aliitazama tableti. "Mia moja arobaini na nne. Ipo."

Rogathe alishangaa. Alikuwa anapumua kwa hesabu, kama Idara ya upelelezi iliyomtuma ilivyomfundisha. Moyo wake ulipaswa kuwa umetulia.

Ndipo akakumbuka.

Asubuhi Doris alimjia jikoni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Dada, tubadilishane saa leo. Usiku sijalala kabisa. Sitaki Dakta aone."

Wakimbiaji wa kambi ile waliazimana saa kama majirani wanavyoazimana jembe. Aliyechoka alimpa mwenzake, akimbie badala yake. Utafiti mzima ulijaa mioyo ya watu wengine, na msomi yule wa vyuo vitatu hakuwa na habari.

Namba iliyosomeka kwa jina la Rogathe ilikuwa ya moyo wa Doris. Na Doris alikuwa mazoezini, anarudi kambini mbio kwa njia ya miinuko ya kutokea Tlawi.

"Umeificha bwenini?" aliuliza Dakta.

Mia moja arobaini na tano. Hapo njia ni tambarare.

"Jikoni?"

Mia moja sabini na moja.

Dakta alitabasamu, akashika simu ya upepo. "Zubery."

"Nakupata, bosi."

"Nenda jikoni. Pekua unga, maharage, kila kitu."

"Na mlango?"

"Una komeo. Nenda."

Hatua zikaondoka. Dakta akaichukua Glock.

"Asipoipata, nalipiga goti lako. Utajua mwanariadha aliyevunjika anajisikiaje."

Mia moja themanini na moja. Mwinuko wa mwisho.

Rogathe aliogopa. Goti ni goti, na kontena lilikuwa linazidi kuwa dogo.

Mia moja hamsini. Geti.

Mia moja ishirini na tano. Anatembea.

Dakta alikunja uso. "Umetulia. Kwa nini umetulia?"

Komeo likalia.

Mlango ulifunguka na jua likampiga Dakta machoni. Doris alisimama mlangoni, kichupa mkononi. Rogathe aliisukuma meza kwa miguu yote miwili. Meza ikampata Dakta tumboni, risasi ikatoboa paa, na bati zima la kontena likanguruma.

Likanguruma kama mlima.

Doris akafa ganzi. Glock iliteleza sakafuni ikakomea kwenye raba zake. Dakta alikuwa anaitambalia.

"Doris," alisema Rogathe kwa sauti ya chini. "Teke."

Doris hakusikia.

"Doris. Miguu hiyo ni yako."

Doris akapiga teke. Bastola ikaruka nje, ikaangukia nyasini. Rogathe akamshukia Dakta kwa viwiko, na mazungumzo yakaishia hapo.

Zubery alirudi mbio, unga hadi kwenye nyusi. Alikuta Rogathe ameshafunguliwa kamba na Glock iko mkononi mwake, akakaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

"Mate ndani ya dakika tano baada ya kukimbia," Rogathe alimwambia Dakta, aliyekuwa amefungwa kwenye kiti kile kile. "Uliagiza mwenyewe. Huyu binti hajawahi kuchelewa."

Alifungua friji ya vichupa iliyokuwa kwenye kona. Kichupa namba kumi na saba, cha Doris cha jana. Ndani yake hamkuwa na mate. Akaitoa humo flashi aliyoificha asubuhi, akaipigia Idara simu kwa jina lake la siri.

"Kware hapa. Mzigo ninao."

"Mnunuzi tumemkamata Katesh, na Prado yake. Gari linakuja kuwachukua hao wako. Wewe hujambo?"

"Sijambo."

Nusu saa baadaye polisi waliwapakia wawili wale. Rogathe alifuta vumbi kwenye suruali, akavaa miwani ya jua.

Doris alikuwa ameshika tableti. Aliteremsha kidole hadi kwenye mstari wenye jina lake mwenyewe.

"Dada. Hapa nasoma mia moja thelathini na tisa. Na saa yangu umeivaa wewe."

"Mbovu hiyo."

"Si mbovu."

Rogathe alitaka kucheka. Hakuweza. Akaifunika saa kwa kiganja.

"Tutembee," alisema Doris, akamshika kiwiko. "Pole pole, usiongee. Ndivyo mapigo yanavyoshuka."

Wakatoka getini. Aliyekuwa barabarani angemwona mwanamke mwenye miwani anayetembea bila haraka yoyote, kana kwamba siku hiyo halikutokea jambo.