Mguu Usiouma

Dobi aliungua mguu na hakujua.

Kaa la moto liliruka kutoka kwenye pasi ya mkaa, likanasa kati ya vidole vya mguu wake wa kushoto, chini ya meza. Akasikia harufu ya kuungua. Akainua pasi haraka, akaikagua suruali ya mteja mbele na nyuma. Suruali ilikuwa salama. Akaendelea kunyoosha.

Mkewe ndiye aliyeona. Yeye hufua uani, mume hunyoosha chumbani. Aliingia na beseni la nguo zilizokauka.

"Baba, mguu!"

"Umefanyaje?"

"Unaungua! Huoni moshi?"

Dobi akatazama chini. Akalikung'uta kaa kwa ncha ya mkongojo wake.

"Ala! Kumbe ni mimi. Nilidhani suruali ya mwalimu."

Akacheka. Mkewe hakucheka.

Dobi alikuwa na kisukari, mwaka wa tisa sasa. Zamani nyayo zilimchoma kama amekanyaga upupu. Kisha zikaacha kuchoma. Yeye akadhani amepona, akaacha kwenda kliniki. Tena nyonga yake iliharibika alipoanguka kwenye ngazi, na tangu hapo hawezi kuinama. Kucha za miguu yake hakuwa ameziona mwaka mzima.

Na viatu? Havai. Chumba cha kunyooshea kimetandikwa mkeka, na mashuka marefu hushuka mezani mpaka pale chini. Kila anayeingia huvua mlangoni, hata mteja mwenye tai. "Nguo safi na vumbi la barabarani, wapi na wapi?" Ndivyo alivyofundishwa kazi, na ndivyo alivyosimama miaka ishirini na sita, miguu mitupu, pasi ya moto juu yake.

"Twende kituo cha afya," mkewe alisema.

"Kwa miguu ipi?"

Kituo kiko juu ya kilima. Bajaji ya kwenda na kurudi ni bei ya kunyoosha mashati tisa. Dobi huhesabu kila kitu kwa mashati. Kuna kliniki ya mtu binafsi hapo chini barabarani, lakini wale walitaka mashati mia moja na ishirini kabla hawajagusa mguu.

"Kitu chenyewe hakiumi," alisema. "Nipe dawa ya meno nipake."

Akapaka dawa ya meno. Akafunga kitambaa. Akasimama kazini siku nane.

Siku ya tisa mteja mmoja aliziba pua, akauliza kama kuna panya amekufa chumbani.

"Wanatoka kwa kinyozi wa jirani hao," dobi alijibu.

Mkewe alikuwa mlangoni, akasikia. Aliacha nguo kwenye maji ya sabuni, akaenda kumwita mhudumu wa afya wa mtaa, yule ambaye watu humwita Mama Kioo kwa sababu ya kioo anachotembea nacho kwenye mkoba.

Mama Kioo alifungua kitambaa. Kisha akaweka kioo sakafuni, chini ya mguu.

"Tazama, kaka."

Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Kidonda kilikuwa kimeshateremka mpaka kwenye unyayo.

"Mbona hauumi?" dobi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hapo ndipo penye balaa. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu. Ule moto wa nyayo uliokuwa ukiulalamikia zamani haukupona, mguu umekufa ganzi. Mguu mzima ukichomwa unakupigia kelele. Huu hauwezi kukuita. Lazima uutazame mwenyewe, kila siku."

"Nitainamaje na nyonga hii?"

"Kwa nini unadhani natembea na kioo? Unakiweka chini, unakaa kwenye kiti, unapitisha mguu juu yake. Usipoona vizuri, wifi atakutazamia."

"Sawa. Jumatatu nitakwenda. Nimalize mashuka ya hoteli."

"Jumatatu? Kaka, kidonda cha mguu wa mwenye kisukari hakilali nyumbani hata usiku mmoja. Ni leo."

"Hela sina, dada."

"Nani amekudai hela? Kadi yako ya kisukari iko wapi?"

Mkewe aliitoa kwenye kopo la vifungo.

"Kwa kadi hii, kituoni kwetu kusafisha kidonda ni bure. Kila Alhamisi yupo muuguzi wa miguu. Anapima ganzi, anakata kucha, anapunguza sugu, ili watu waache kujikata kwa wembe. Bure. Unalipa nauli tu."

"Mashati tisa."

"Mko watatu mtaani hapa msioweza kile kilima. Kodini bajaji moja. Mashati matatu kila mtu. Hukuuliza."

Dobi akaushika mkongojo, akainuka.

Siku ile ile kituo kilimpeleka hospitali kubwa. Daktari aliugeuza mguu, akasema wazi: "Vidole hivi vimekwisha. Ungekaa wiki nyingine, tungezungumzia goti."

"Kata, daktari," dobi alisema. "Niachie tu pa kusimama."

Walikata vidole viwili. Mguu ukabaki.

Kidonda kilipofunga, mkewe alianza kumwosha miguu kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu. Hupima maji kwa kiwiko chake, kwa maana mguu wa mumewe hauwezi kusema kama yanaunguza. Hukausha kati ya vidole. Hupaka mafuta juu na kwenye unyayo, kati ya vidole hapaki, pasije pakaoza. Kisha kioo.

Ugomvi ulikuwa wa viatu.

"Viatu kwenye mkeka wangu? Labda nife kwanza."

"Si ulikuwa unakufa?"

Mkewe alinunua viatu vipana vya kufunika vidole. Barabara havijawahi kuiona, ni vya mkekani tu. Dobi huingiza mkono ndani kabla ya kuvaa. Siku moja alikuta kipande cha kifungo. Zamani angekikanyaga mpaka jioni.

Alhamisi hupanda bajaji na muuza mkaa na askari mstaafu.

"Dobi," askari humtania, "vidole vimepungua, na bei ipungue."

"Lete gwanda lako nilichome, tulingane."

Sasa ni mwaka, na hana kidonda kipya. Vidonge anameza.

Gharama ya kidonda kile ilikuwa hii. Siku kumi na saba hospitalini. Miezi mitatu bila kusimama mezani. Mashuka ya hoteli yalikwenda kwa dobi mwingine, hayakurudi. Mkewe aliuza kitanda cha wageni na redio. Binti yao alikosa ada ya shule, akakaa nyumbani muhula mzima. Na vidole viwili.