Usimwambie Mwanangu

Siku hiyo soko la Nyasubi, mjini Kahama, lilifurika, na katikati ya mafungu ya nyanya mwanamke mmoja akaanguka kifafa. Watu walirudi nyuma. Limi alipiga magoti topeni na gauni lake la njano, na kijana mwenye shati la buluu lililopauka akapiga magoti upande wa pili, akamlaza mgonjwa ubavu bila papara.

"Wewe ni daktari?" Limi aliuliza, mwanamke yule alipozinduka.

"Nilisomea. Kwa sasa nauza simu kwenye duka la mtu. Wewe?"

"Nilisomea maabara. Nauza mitumba."

Wakacheka mpaka wakaoneana haya. Kijana huyo aliitwa Ngusa, mtu wa Mhunze. Walipendana upesi, kama watu waliochoka kungoja ajira kila mtu peke yake. Ngusa alimtania kwamba atamwoa na gauni lile lile la tope.

Ngusa akapata kazi, hospitali moja huko Namibia. "Nenda, mpenzi," Limi alimwambia, kisha akaenda kulilia chooni. Wakaishi kwa simu. Limi akawa anamtembelea Mama Ngusa kule Mhunze, na ndiye aliyegundua kwamba amekonda na anahema kwa shida. Zahanati ya pale haikuwa na daktari. Alipotaka kumpigia Ngusa, mama alimzuia.

"Usimwambie mwanangu. Ataacha kazi, na hapa hakuna nyingine."

Limi akatii. Ngusa alipofika, mama alikuwa ameshazikwa.

"Natibu mama za watu kila siku," alisema bila kumtazama. "Ulinisikia nikicheka kwenye simu, ukanyamaza."

Akaondoka, hakupiga tena. Limi akaanza kumwona sokoni, mgongo wake, mwendo wake. Akimfikia, ni mtu mwingine. Alfajiri alisikia sauti ya Mama Ngusa ikimkataza, akaijibu peke yake chumbani.

Masika yalipoanza, Ngusa alipiga. Alisema mama yake humjia ndotoni, hasemi neno, anatandika kitanda tu.

"Najua alivyokuwa. Hata mimi angenikataza. Nisamehe, Limi wangu. Nataka kukuoa. Huku wanatafuta watu wa maabara."

Walifunga ndoa Kahama. Siku ya safari mama yake Limi aliwasindikiza hadi stendi, amevaa kitenge kipya.

"Nendeni, wanangu. Mimi mzima kabisa."

Ngusa alimshika mkono kumuaga, vidole vyake vikabaki kwenye mshipa wa mapigo. Limi aliona mama yake akiuvuta mkono ule taratibu, akitabasamu, na kuuficha ndani ya kitenge.