Kwa Nini Mama Shami Haji Mkutanoni

Jovia anauza vitambaa vya mapazia Batsinda, Kigali. Alikulia Karagwe, Tanzania, kwa hiyo nyumbani kwake Kiswahili husikika kila siku. Binti yake, Kamikazi, ameanza kusoma sosholojia chuo kikuu. Jioni hupika pamoja, na Kamikazi humweleza mama yake aliyojifunza. Jovia humsikiliza kwa fahari.

Jovia ni mwenyekiti wa wazazi katika shule ya msingi ya mtaani. Paa la jiko la shule lilikuwa limeoza. Kila mvua iliponyesha, moto ulizimika na watoto hawakula. Wazazi walitakiwa wakubaliane namna ya kulitengeneza, lakini wengi hawakuja mikutanoni.

Jumanne moja asubuhi, Jovia alimwita binti yake mbele ya mkutano.

"Wewe umesoma," alisema. "Tuambie kwa nini watu wale hawaji."

Kamikazi alisimama. "Nadharia inasema maskini wana desturi ya uvivu. Mfano ni Mama Shami, yule muuza mboga. Hajawahi kuja. Hamjali mtoto wake."

Watu walitazama mlangoni. Mama Shami alikuwa amesimama pale, anahema.

"Samahani, nimechelewa," alisema taratibu. Akakaa kiti cha nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kumtazama mtu.

Kamikazi hakuweza kuinua uso. Jioni alishindwa kula. Akaenda kwa jirani yao, Nasimiyu, Mkenya anayefundisha chuoni.

"Mwalimu, naona aibu. Nimemtukana mtu, nikasema ni nadharia."

Nasimiyu hakumbembeleza. "Nadharia ni nini?"

"Ni maneno ya wataalamu."

"Hapana. Ni jibu la swali 'kwa nini', tena jibu linaloweza kupimwa. Sasa wewe umesema ni wavivu. Utapimaje? Mama Shami asipokuja, ni mvivu. Akija amechelewa, bado ni mvivu. Jibu lako haliwezi kushindwa, kwa hiyo halitufundishi kitu."

"Tena umemtazama mtu mmoja," Nasimiyu aliendelea. "Watazame wote wasiokuja. Wanafanana kwa lipi?"

Kamikazi alifikiri. "Wengi wanauza mboga soko la Nyabugogo."

"Wanauza saa ngapi?"

"Asubuhi." Akashika kichwa. "Na mkutano ni asubuhi."

"Hilo linaweza kupimwa. Lakini waulize kwanza. Kisha badilisheni saa. Wasipokuja, umekosea, na utatafuta jibu lingine."

Kesho yake jioni Kamikazi alikwenda kwa Mama Shami. Alimkuta uani, anachambua vitunguu.

"Nisamehe, mama. Nilikusema vibaya mbele ya watu."

Mama Shami aliendelea na kazi kidogo. "Jana nilimwachia mwenzangu meza yangu, nikakimbia," alisema. "Nilipokusikia, nilitamani ningebaki sokoni."

Machozi yalimtoka Kamikazi. Alikaa chini, akaanza kuchambua vitunguu naye.

"Ni saa gani ungeweza kuja?" aliuliza baadaye.

"Jumapili, tukitoka kanisani. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Jovia aliposikia hayo, aliinamisha kichwa. "Hata mimi nilisema 'watu wale'," alisema. Akahamisha mkutano.

Jumapili viti havikutosha. Wauza mboga walikuja karibu wote. Lakini akina baba wanaolinda maghala mtaa wa Gikondo hawakuonekana, maana hata Jumapili wako kazini. Jibu la Kamikazi lilikuwa la kweli, lakini halikuwahusu wote. Akaanza kwenda kuwauliza na hao.

Wazazi walikubaliana, wakaezeka jiko kwa mabati mapya. Mama Shami alichaguliwa kusimamia chakula. Mvua kubwa zilipofika, watoto walikula uji na maharage ya moto.

Mama Shami humsalimu Kamikazi kwa upole. Kamikazi huitikia, lakini macho yake bado hutazama chini kwanza.