Mkimbizi wa Bwawa la Mwisho

Kilichomtisha Salvator kwanza ni kwamba bwawa liliacha kunuka.

Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Salvator alikuwa mlinzi wa mlango wa maji pale Buterere, mahali uchafu wa vyoo vya Bujumbura unapokuja kupumzika, bwawa hadi bwawa: mazito yanazama, jua na vijidudu vinakula kilichobaki, mpaka maji ya bwawa la mwisho yanaingia mtoni bila aibu. Kazi ya heshima, ingawa harusini kila mara alipewa kiti cha karibu na mlango.

Sasa bwawa la mwisho lilinukia marashi, na gurudumu la kufungulia mlango lilikataa kuzunguka. Mvua ilikuwa imeshika. Mlango usipofunguka, mabwawa ya juu yangefurika na kinyesi kibichi kingeshuka mtoni, kule waliokimbia vita walikoteka maji ya kunywa.

Alimleta Hamissi, mganga wa Buyenzi, mchana, kwa sababu jioni ni kuvrefe, hakuna ruhusa ya kutembea, na askari wa barabarani hawaelewi mambo ya majini.

Hamissi aliziba pua kwa mazoea, kisha akaiachia. "Kweli. Inanukia kuliko bibi yangu."

"Usicheke, mwalimu. Mi naogopa."

Mganga akawasha ubani, akaanza kunong'ona aya. Upepo ukauacha mpunga wa kando ya bwawa. Vyura wakanyamaza, na Salvator, mikono yake juu ya gurudumu, akahisi vidole vingine, baridi na laini kama sabuni iliyosahauliwa majini, vikilala juu ya vyake kimoja kimoja, huku kule chini ndani ya bwawa uso wake mwenyewe ukifungua kinywa kabla yeye hajafungua chake, na sauti ya mwanamke, iliyochoka kama ya mtu aliyekimbia vita Kamenge na godoro kichwani, ikapanda kwenye koo lake.

"Musinifukuze. Na mi nilikuwa na mto yangu."

"Rudia mto yako basi," Hamissi alisema polepole.

"Mumeitupia watu. Wanaelea. Wananiuliza njia ya kwao."

Hamissi akainamisha kichwa. Koo la Salvator lilipoachiliwa, mganga alimshika bega. "Jini hatumufukuzi bila kumuonyesha pa kwenda. Ndiyo kazi yetu. Na hapa mwenyeji ni we. Muambie."

Salvator alikuwa amechoka kama nchi nzima. "Aende," akasema. "Aende popote penye maji safi."

Gurudumu likazunguka kama limepakwa mawese. Maji yakatoka, bwawa likaanza kunuka tena, na wote wawili wakaivuta ile harufu kama watu waliosimama mbele ya mishikaki.

Salvator alifika nyumbani kabla ya kuvrefe. Tangu kipindupindu kiingie mtaani, Caritas, mke wake, alichemsha kila tone, akalichuja kwa kitambaa, akalihifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko. Hapo mtaani hapakuwa na maji safi kama yale.

"Baba Orlane," alisema, "leo maji yetu inanukia muzuri. Mutoto anakunywa tu, haachi."

Orlane alishusha kikombe, akamtazama baba yake kwa macho ya mtu aliyetembea mbali.

"Aksanti kwa kunipokea," akasema. "Humu hakuna mutu anaelea."