Hatua Kumi za Njia ya Bwawani

Jumatano, saa kumi na robo alasiri, ndago zilikuwa zimeota katika njia yote, kuanzia mlango wa nyuma wa kanisa hadi ukingo wa bwawa. Njia ilikuwa na hatua themanini. Wanafunzi wa darasa la ubatizo walikuwa wanane, kwa hiyo kila mmoja alipewa hatua kumi. Jumapili saa nne wangebatizwa katika bwawa hilo, na mzee wa kanisa alikuwa ametamka wazi kwamba siku hiyo hataki kuona jani hata moja njiani.

Hatua kumi za mwisho, zile zinazoteremka hadi majini, zilimwangukia msichana wa miaka kumi na miwili. Wenzake walimwita Spidi, kwa kuwa hakuna kazi aliyowahi kuifanya taratibu. Lakini ndago haikujua jina lake. Ukiivuta, majani yanakatika mkononi na kijitunguu chake kinabaki ardhini, kikisubiri ugeuze mgongo kiote tena. Baada ya nusu saa alikuwa amesafisha hatua moja.

"Spidi, leo gari limekwama?" aliuliza jirani yake wa kazi, mvulana aliyeitwa Kinanda kwa sababu hakunyamaza.

"Tope tu. Nitakupita sasa hivi."

"Utanipita na nini? Umebakiza hatua tisa. Wewe utabatizwa mwakani!"

Wenzao wakavunjika mbavu. Spidi alijifuta jasho, akatazama mlima wa kazi uliobaki, na akili yake ikaanza kutafuta njia ya mkato.

Njia hiyo ilikuwa nyumbani kwao. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba, jirani tu na kanisa. Kwenye kona, chini ya paa la mabati, kulikuwa na pipa la oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Fundi alikuwa amemwaga unga wa mbao kulizunguka pipa hilo ili kila tone linaloanguka linyonywe. Mwisho wa mwezi gari maalumu lilikuja kuichukua. Spidi hakuwahi kuuliza kwa nini. Alichokuwa amekiona ni kwamba pale langoni, mahali magari yalipovujisha oili, nyasi hazikuota kamwe.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi wenzake walikuwa wamekwisha kwenda zao. Alirudi na dumu la lita tano alilolijaza kwenye pipa la baba yake, akaimwaga oili juu ya ndago, mstari kwa mstari. Ilimchukua dakika nne.

Alhamisi alasiri ndago zote zilikuwa zimelala, njano na nyeusi. Spidi alizikusanya kwa reki, kisha akatapanya udongo mkavu juu ili weusi na harufu visitambulike. Mzee wa kanisa alipopita kukagua, alisimama pale muda mrefu kuliko kwingine kote.

"Nani kafanya hapa?"

"Mimi, mzee."

"Umeng'oa na mizizi?"

"Ndiyo, mzee."

"Njooni mwone!" mzee aliwaita wengine. "Hii ndiyo kazi. Binti, Jumapili wewe utaingia majini wa kwanza."

Kinanda alitazama viganja vyake vilivyojaa malengelenge, kisha akatazama vya Spidi. "Mikono laini kama ya bibi harusi," akasema. "Hebu nifundishe unavyong'oa."

"Siri ya biashara," Spidi alijibu, akacheka. Kinanda hakucheka.

Ijumaa ilikuwa siku ya maswali. Mwalimu wa darasa la ubatizo alikuwa mama mwenye bustani ya mboga chini ya bwawa. Maji ya bwawa yaliteremka kwa mfereji hadi kwenye matuta yake, na kila mtu alimwita Mama Bustani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwita kila mwanafunzi peke yake katika chumba cha vitabu na kumuuliza swali moja.

"Kuna jambo lolote ambalo hutaki kuingia nalo majini?"

"Hakuna, Mama," alisema Spidi.

Mama Bustani alimtazama machoni. Kisha akasema, "Haya. Mwite mwenzako."

Jumamosi, saa saba na dakika arobaini mchana, upepo uligeuka. Upande wa vilimani mawingu yalikuwa meusi tii. Spidi alikuwa gerejini akimshikia baba yake tochi chini ya boneti ya gari. Fundi alimaliza, akachovya vidole katika karai la maji ili aanze kunawa. Tone moja la oili lilitoka kwenye kidole chake, likatambaa juu ya maji, likawa na rangi kama za upinde wa mvua, likaenea karai zima.

Tone moja. Spidi aliwaza dumu la lita tano, akatazama mawingu.

"Baba, oili ikimwagwa chini, halafu mvua ikanyesha, inakwenda wapi?"

"Inakwenda maji yanakokwenda. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Fundi aliinua macho. "Anayeuliza tu hatoki jasho puani. Sema."

Spidi alisema. Alianza na ndago, akapitia dumu, udongo mkavu, sifa za mzee, na jibu alilompa Mama Bustani. Baba yake alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Dumu la tano au la ishirini?"

"La tano."

"Siku gani?"

"Jumatano jioni."

"Siku tatu bila mvua. Basi bado iko pale pale." Alichukua sepeto, akatupa magunia mawili ya unga wa mbao kwenye toroli. "Mimi natangulia bwawani. Wewe nenda kwa Mama Bustani. Utamwambia kwa mdomo wako, si kwa mdomo wangu."

"Baba, naogopa."

"Ogopa huku unakimbia."

Mama Bustani alikuwa amepiga magoti kati ya matuta, akipanda miche. Spidi alifika akihema, akamwaga habari yote bila hata salamu. Mama Bustani hakupaza sauti. Alishindilia udongo kwenye mche aliokuwa ameushika, akasimama.

"Uliimwaga yote?"

"Yote."

"Ilifika karibu na maji?"

"Nilianzia kwenye jiwe la ukingoni."

Mama Bustani alikwenda kwenye mdomo wa mfereji, akateremsha ubao wa kuzuia maji. Maji yakaacha kuingia bustanini. "Jana nilikuuliza swali," alisema.

"Ndiyo, Mama. Nilijibu uongo."

"Sawa. Sasa kimbia ukawaite wenzako. Waje na majembe."

Saa tisa kasoro robo wote walikuwa njiani, hata mzee wa kanisa, akiwa amekunja uso. Fundi alichoma sepeto ardhini, akaugeuza udongo na kuunusa. "Imeshuka vidole vinne," alisema. "Tutachimba vidole vinane." Kwanza walikata mtaro kukingama njia, juu kidogo ya jiwe la ukingoni, wakaujaza unga wa mbao, na upande wa bwawa wakajenga tuta la udongo. Kisha wakaanza kuchimba njia yenyewe kuanzia chini. Udongo mweusi uliingia katika toroli, toroli likaenda gerejini, likamwaga juu ya turubai chini ya paa, likarudi.

"Ulisema utanipita," Kinanda alisema Spidi alipompita na toroli la saba. "Sikujua kama utanipita na uchafu."

"Chimba, we."

"Nachimba. Ila mwakani ukipewa hatua kumi, niambie mapema nihame mji."

Spidi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Malengelenge yalikuwa yamemtoka viganja vyote viwili, mawili yakiwa yamekwisha pasuka. Toroli la kumi na tisa liliondoka saa kumi na dakika mbili. Dakika tatu baadaye mvua ilianguka, nzito, ya kuangusha majani.

Ilinyesha kwa muda wa saa nzima. Hakuna aliyeondoka. Walisimama chini ya ukingo wa paa la kanisa wakitazama maji yakiteremka njiani, na Spidi alisali kimya, maneno yale yale kila mara: Bwana, yasifike.

Mvua ilipokatika, Mama Bustani alitangulia. Mtaroni, juu ya unga wa mbao, kulikuwa na utando mwembamba wa rangi. Oili kidogo iliyosalia ilikuwa imenaswa hapo. Chini ya tuta udongo ulikuwa mwekundu, kama kawaida. Mama Bustani alichukua karatasi nyeupe, akailaza juu ya maji ya bwawa karibu na ukingo, akaiinua. Ililowa tu, bila doa la oili. Alilaza ya pili katikati, na ya tatu kwenye mdomo wa mfereji. Zote zilikuwa safi.

"Haijafika," alisema.

Spidi alishusha pumzi, akaketi pale pale kwenye matope. Baba yake alimwacha akae.

Mzee wa kanisa ndiye aliyeanza kusema. "Binti, ulinidanganya uso kwa uso."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Wa kwanza hutaingia."

"Najua, mzee."

"Na sijui kama utaingia kabisa." Mzee alimgeukia mwalimu. "Mama, darasa ni lako. Abatizwe kesho, au asubiri mwakani?"



Mama Bustani alikunja karatasi zake tatu. "Tuangalie mambo yalivyo," alisema. "Alilipua kazi. Alitaka njia ionekane safi Jumapili, akasahau kwamba chini ya njia kuna udongo, chini ya udongo kuna maji, na mwisho wa maji kuna watu wanaokula mboga zangu. Mwanangu, dunia hii haikutengenezwa na kanisa. Tulikabidhiwa. Kazi ya kwanza kabisa Mungu aliyompa mwanadamu ilikuwa kutunza bustani, na bustani haitunzwi kwa sumu iliyofunikwa udongo. Huwezi kumpambia Mungu njia kwa kuharibu maji yake."

"Ndiyo, Mama."

"La pili. Ungesema Alhamisi, tungechimba bila kuitazama saa. Ungesema kesho, kusingekuwa na la kuchimba. Ukweli nao una wakati wake wa kufaa, nawe leo umeuwahi kwa dakika tatu." Alimtazama mzee. "Lakini ameuwahi. Alikuja mwenyewe, akasema mwenyewe, akachimba mpaka mikono ikapasuka. Swali langu la jana sasa amelijibu. Mimi nasema abatizwe. Jumatatu ataanza kuleta udongo mwingine, na ukingo ule ataupanda nyasi, mche mmoja mmoja."

Mzee alikuna kidevu. "Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Basi aingie," mzee alisema, na uso wake ukakunjuka kidogo. "Wa mwisho."

Jumapili, saa moja asubuhi, Mama Bustani alilaza karatasi tatu nyingine juu ya maji. Zilitoka safi. Akainua ubao, na maji yakaingia katika matuta yake. Saa nne kamili waumini walishuka njiani hadi kwenye mbao ambazo fundi alikuwa amezitandika juu ya shimo la hatua kumi, wakavuka mmoja mmoja wakishikana mikono. Wanafunzi saba waliingia majini na kutoka, Kinanda wa tano, akikohoa kwa sababu alikuwa amefungua mdomo. Kisha ikaja zamu ya mwisho. Spidi alitembea hadi maji yakamfika kifuani. Mchungaji alimuuliza kama anaamini, akajibu kwa sauti iliyosikika hadi ukingoni. Saa nne na dakika thelathini na nane mchungaji alimzamisha, akamwinua.