Nioneshe Uliponizika

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 1911, saa saba na robo mchana, Loisi alipohema ndani ya chumba cha picha na pumzi yake ikamtoka kama moshi.

Nje jua la Dodoma lilikuwa likichoma mabati. Akahema tena, makusudi. Moshi tena.

Nyumba ilikuwa ya Bwana mhandisi, Mjerumani wa reli. Wenzake walikusanya pembe na ngozi za chui. Yeye alikusanya mabango ya zamani ya maonyesho ya Ulaya, ambako watu wa Afrika walisimamishwa ndani ya uzio, hata kwenye theluji, ili watazamwe, akiletewa kwa treni kutoka pwani, yamekunjwa ndani ya mikebe mirefu. Loisi alipika gundi ya unga wa ngano, na mumewe Filipo, mkalimani wa Bwana, aliyabandika ukutani. La kumi na tatu lilibandikwa asubuhi ile, na gundi yake ilikataa kukauka.

Lilikuwa na mtu mmoja mwenye mkuki, amesimama kwenye uwanja mweupe kama unga, nyuma yake uzio. Loisi alisogea kulipangusa. Ndewe ya sikio la kulia la mtu yule ilikuwa imechanika mpaka chini. Kitambaa kikamdondoka. Sikio lile alilichana yeye mwenyewe utotoni, akibebwa mgongoni na kaka yake Sila, akivuta shanga zake.

Sila aliondoka kijijini kwao Mtumba miaka kumi na miwili nyuma, kubeba mizigo katika msafara wa Filipo. Filipo alirudi peke yake na shuka la marehemu, akasema ndui ilimpata Kilosa, nimemzika kwa mikono yangu miwili. Kwa maneno hayo mama yao aliacha kungoja. Kwa maneno hayo Loisi akaja kuolewa naye.

Jioni alimuuliza mumewe. Filipo alicheka kidogo, akasema Mzungu akichora Wagogo, wote huwa ndugu.

Jumatano chumba kilinuka samli na ngozi mbichi, kama mgongo wa Sila zamani. Alhamisi palikuwa na nyayo za maji sakafuni, kutoka ukutani hadi chumba chao cha nyuma, kitandani upande wa Filipo, kisha kurudi. Loisi alimpima mtu wa bangoni kwa uzi, asubuhi na jioni. Kufikia jioni alikuwa ameongezeka shibiri nzima.

Akamwita Mwamvua, mpunga majini wa mtaa wa Waswahili. Bibi huyo alifika na ubani wake, akaishia kizingitini.

“Mwanangu, huyu si wa kufukuzwa,” alinong'ona. “Ana neno analodai. Mwenye kulijua akilisema kweli, ataondoka.”

Loisi alimsihi mumewe aseme kweli, kama alimuuza Sila kwa Wazungu wa maonyesho. Filipo alitazama mikono yake.

“Nikisema, utakaa na mimi?”

Loisi alirudi nyuma hatua moja.

“Basi nilimzika,” akasema Filipo.

Ijumaa, saa sita mchana, Bwana akiwa Kilimatinde kazini, Filipo aliingia na kisu kulibandua bango, na Loisi, aliyekuwa mlangoni, aliona pumzi ya mumewe ikigeuka moshi, akasikia juu ya dari kishindo cha mvua ya mawe ilhali mbingu ilikuwa tupu, na mawe yale meupe yakaanza kudondoka ndani, chumbani humo tu, na harufu ya samli ikajaa, na sauti aliyoilalia mgongoni utotoni ikamsalimu Filipo taratibu kwa Kigogo:

“Mbukwa, shemeji. Uliponizika ni wapi? Nioneshe.”

“Kilosa,” Filipo alinong'ona, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili.

“Haya. Twende.”

Mlango ukajifunga. Loisi alipoweza kuufungua, palikuwa na viatu vya mumewe, vimenata sakafuni kwenye gundi. Mtu mwenye mkuki hakuwepo bangoni. Kwenye uwanja mweupe, mbele ya uzio, alisimama Filipo, peku, mdomo wazi.

Asubuhi ya Jumamosi Loisi alikuta pembe ya chini ya bango imebanduka, na kucha zikikwaruza karatasi kutoka upande wa pili. Akawasha moto. Akapika gundi, nzito kuliko siku zote, akaipaka pembe zote nne, akakandamiza mpaka mkwaruzo ukakoma.

“Wakija kuniuliza,” alimwambia, “nitasema nimekuzika kwa mikono yangu miwili.”